Je, Stalingrad ilipiganiwa kwa sababu ya jina lake?

Swali la leo limetoka kwa msomaji wa Morogoro: "Mwalimu, nimesoma kwamba mwaka 2025 uwanja wa ndege wa Volgograd, Urusi, umepewa jina la Stalingrad. Kwani mji huo una majina mangapi? Na ni kweli Hitler aliung'ang'ania kwa sababu tu uliitwa kwa jina la adui yake? Mzee wangu ndivyo alivyonisimulia."

Nisalimie mzee. Majina ni matatu: Tsaritsyn tangu 1589, Stalingrad tangu 1925, Volgograd tangu 1961. Kuhusu Hitler, mzee hajakosea kabisa, ila ameianzia hadithi mwishoni. Mji ule ulianza kugombewa zamani sana, Stalin, huyo adui mwenyewe aliyeitawala Urusi, hajazaliwa wala babu yake.

Chukua ramani ya Urusi. Kidole kimoja kiteremke na mto Volga kuelekea kusini, kingine na mto Don. Kwa sehemu kubwa ya safari yake mito hiyo imetengana mbali, kisha mahali pamoja tu inasogeleana kama inayotaka kupeana mikono. Zinabaki kama kilometa 60 za nyika. Halafu kila mmoja unashika njia yake. Volga unaingia Bahari ya Kaspi, ambayo haina pa kutokea. Don unaingia Bahari ya Azov, na ukishafika hapo Bahari Nyeusi, Istanbul na Mediterania ziko mbele yako. Mji wetu umekaa kwenye shingo hiyo, ukingo wa magharibi wa Volga. Mwenye kuishika shingo anashika chumvi, samaki na nafaka inayopanda kaskazini, na baadaye mafuta.

Waturuki waliliona hilo mapema. Mwaka 1569, mji wenyewe haujakuwapo, Dola ya Uthmaniya ilipeleka hapo jeshi pamoja na majembe. Sokollu Mehmed Pasha, waziri mkuu wa Sultani Selim wa Pili, alitaka kuchimba mfereji ili merikebu zake zipande Don, zivuke hadi Volga, zishuke kuikomboa Astrakhan, ambayo Warusi walikuwa wameiteka 1556. Waziri huyo huyo, mwaka mmoja nyuma, alikuwa ameagiza kupimwe mfereji pale Suez. Hakuna uliokamilika. Lakini mtu aliyetazama ramani akaona Suez na shingo ya Don na Volga kwa jicho moja, huyo alikuwa anajua anachokitazama.

Warusi nao walielewa. Mwaka 1589 walijenga ngome ya magogo karibu na mahali kijito cha Tsaritsa kinapomwagika Volga, ili misafara ya mtoni isiporwe. Ndio mwaka ule ule Wareno walipomkamata Mir Ali Bey, nahodha wa Kituruki, huko Mombasa, Wazimba, wapiganaji waliotoka bara, wakiwa wamefika mlangoni. Kwa hiyo watu wa pwani yetu na watu wa Volga walikuwa wanaitikia mikono ya dola moja, bila kujuana. Na jina Tsaritsyn, ambalo wengi hudhani linatokana na "tsaritsa", yaani malkia wa Kirusi, asili yake inayokubalika zaidi ni Kitatari: sary su, maji ya njano. Wageni walilisikia neno la wenyeji wakalivisha sauti ya nyumbani kwao. Sisi mambo hayo hatuhitaji kufundishwa.

Karne mbili zilizofuata nitazipita mbio. Stepan Razin, kiongozi wa Wakozaki walioasi, aliuchukua mji 1670. Pugachev, muasi mwingine mkubwa, aliujaribu 1774 akashindwa, na siku chache baadaye jeshi lake likavunjwa kusini ya hapo. Kati ya hao wawili alipita Peter Mkuu, mfalme wa Urusi, ambaye naye alijaribu kuchimba mfereji wa kuunganisha mito, kaskazini kidogo, akaacha. Badala yake akajenga handaki na boma la udongo kutoka Volga hadi Don. Mwaka 1722 aliwaachia wenyeji kofia yake na bakora yake. Inasimuliwa aliwaambia kwamba kama vile hakuna athubutuye kumvua yeye kofia, hakuna atakayethubutu kuwaondoa wao hapo. Vitu hivyo vimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la mji. Ahadi ndiyo haikudumu.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu kuna jambo ambalo wasomaji wa Mbeya na Tabora watalipenda. Mwaka 1765 kundi la Wakristo wa Kijerumani kutoka Herrnhut lilikaribishwa na Malkia Catherine wa Pili likajenga kijiji kusini mwa Tsaritsyn, wakakiita Sarepta. Walilima haradali wakakamua mafuta yake, na haradali ya Sarepta ikajulikana Urusi nzima. Hao ndio Wamoravian, ndugu wa wale waliofika Rungwe mwaka 1891. Leo Sarepta ni sehemu ya Volgograd. Lakini Agosti 1941, baada ya Hitler kuivamia Urusi, serikali ya Kisovieti iliamuru Wajerumani wote wa Volga wahamishwe kwa nguvu, wakapelekwa Siberia na Kazakhstan. Kwa hiyo jeshi la Ujerumani lilipofika mwaka uliofuata, Wajerumani wa mji huo, waliokuwa na makaburi ya mababu wa karne nzima na zaidi, hawakuwapo tena.

Reli ndiyo iliyougeuza Tsaritsyn kuwa mji mkubwa. Mwaka 1862 ilijengwa reli fupi kutoka Volga hadi Don, kazi ile ile iliyowashinda Sokollu na Peter, sasa ikafanywa kwa chuma. Kisha zikaja reli za kwenda Moscow na Kaukazi. Akina Nobel, ndugu zake yule wa Tuzo ya Nobel, waliweka matangi yao ya mafuta hapo: mafuta yalitoka Baku, yakavuka Kaspi, yakapanda Volga, yakapakiwa kwenye mabehewa. Kikafuata kiwanda cha chuma cha mtaji wa Kifaransa, na mwaka 1914 kiwanda cha mizinga. Kumbuka viwanda hivyo viwili. Tutakutana navyo tena vikiwa magofu.

Sasa tuje kwa Stalin, kwa sababu hapa ndipo lilipo jibu la swali lako. Baada ya mapinduzi ya 1917, Moscow na Petrograd (leo St. Petersburg) zilikuwa na njaa. Nafaka ilikuwa kusini, na njia zilizobaki wazi zilipitia Tsaritsyn. Juni 1918 serikali ya Lenin ilimtuma Stalin huko, kazi yake kutafuta chakula. Alipofika akajiingiza na kwenye vita. Wakozaki wa Don chini ya Jenerali Krasnov, waliopinga mapinduzi, walikuwa wanauzingira mji, na Stalin, akishirikiana na kamanda Voroshilov, aliwakamata maofisa aliowashuku, akagombana na Trotsky, mkuu wa jeshi la mapinduzi, kwa simu za upepo, hadi akaitwa arudi Moscow Oktoba. Mji haukuanguka mwaka ule. Ulianguka mwisho wa Juni 1919, Wrangel, jenerali wa Weupe waliopinga mapinduzi, alipoingia na vifaru vilivyotoka Uingereza, na siku chache baadaye mkubwa wake, Jenerali Denikin, alitia saini hapo hapo amri ya kuiendea Moscow. Januari 1920 Wekundu, yaani jeshi la Lenin, wakaurudisha. Ndani ya miaka miwili mji ulibadili mikono, na kila mkono mpya ulikuja na risasi zake kwa wale waliobaki nyuma.

Aprili 1925 Tsaritsyn ikaitwa Stalingrad, kwa heshima ya ulinzi ule wa 1918. Ulinzi ambao, wanahistoria wengi watakwambia, ulikuwa na watu wengi kuliko Stalin. Angalia basi mpangilio wa mambo, ndugu yangu: Stalin alikwenda pale kwa sababu ya njia ya nafaka, na jina likaja kwa sababu alikwenda. Njia ndiyo iliyozaa jina.

Mwaka 1930 kilifunguliwa kiwanda cha matrekta, kilichosanifiwa na ofisi ya Albert Kahn ya Detroit, na mamia ya mafundi Wamarekani wakaletwa kufundisha kazi. Kati yao Mweusi alikuwa mmoja, Robert Robinson, mzaliwa wa Jamaika aliyekuwa fundi wa zana kwenye kiwanda cha Ford. Wiki chache baada ya kufika, Wamarekani weupe wawili walimpiga ukingoni mwa Volga. Warusi wakawapeleka mahakamani, magazeti ya nchi nzima yakaandika, waliompiga wakafukuzwa nchini. Robinson akawa mtu maarufu bila kutaka. Alichukua uraia wa Kisovieti, kisha akakaa miongo akiomba ruhusa ya kusafiri na kunyimwa. Alipotoka hatimaye, mwaka 1974, alitokea wapi? Uganda. Alifundisha Kampala kabla ya kurudi Marekani. Sijui kama kuna mtu mwingine aliyeunganisha kiwanda kile na Kampala kwa maisha yake mwenyewe.

Haya, 1942, katikati ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mpango wa Hitler wa kiangazi ulilenga mafuta ya Kaukazi. Stalingrad haikuwa shabaha kuu. Ilitakiwa ifikiwe, au angalau iwekwe chini ya mizinga, ili Volga ufungwe na ubavu wa jeshi linalokwenda kwenye mafuta ulindwe. Kisha mwezi Julai Hitler aligawa nguvu zake, nusu kusini, nusu Stalingrad, na hilo kwa maoni yangu ndilo kosa lililomwua. Mengine yote yalifuata.

Agosti 23, siku ya Jumapili, ndege za Ujerumani ziliushambulia mji kuanzia alasiri. Ulikuwa umejaa wakazi na wakimbizi. Matangi ya mafuta yalipasuka, mafuta yakatiririka hadi mtoni yakiwaka, na waliosimulia walisema Volga wenyewe uliungua. Idadi ya vifo inayotajwa mara nyingi ni watu 40,000. Wapo watafiti wanaoipunguza, hakuna anayesema ni kidogo. Jioni hiyo hiyo vifaru vya Wajerumani vilifika Volga kaskazini mwa mji. Waliowapiga kwanza walikuwa wasichana wa kikosi cha mizinga ya kutungulia ndege, wengi wametoka shule juzi tu, wakainamisha mitutu iliyotengenezwa kuelekea juu wakafyatulia vifaru hadi mizinga yao ikavunjwa.

Ili uelewe mapigano yaliyofuata, sahau picha ya mji wa duara. Stalingrad ni mji mwembamba kama ukanda, umenyooka makumi ya kilometa kando ya mto. Ukingo wake ni wa juu na wenye makorongo. Ng'ambo, mashariki, ni tambarare. Volga hapo una upana wa kilometa moja na zaidi, na daraja hakuna. Kwa hiyo Jeshi la 62 la Jenerali Chuikov, aliyekabidhiwa Septemba 12, lilikuwa na mto mgongoni, na kila risasi, kila mkate, kila askari mpya aliletwa usiku kwa boti na mashua huku mizinga ikiyachemsha maji. Majeruhi waliondoka kwa boti zile zile. Usiku wa Septemba 14 kuamkia 15 divisheni ya Rodimtsev, watu kama 10,000, ilivuka namna hiyo. Vita vilipokwisha, waliobaki wazima walikuwa wachache mno.

Chuikov aligundua jambo moja rahisi. Wajerumani walikuwa wanashinda kwa kupanga: ndege kwanza, kisha mizinga, kisha vifaru, kisha askari wa miguu. Akaamuru watu wake wawasogelee hadi umbali wa kurusha bomu la mkono. Ukiwa umemgandama adui kiasi hicho, rubani wake hawezi kukupiga bila kumpiga yeye. Ndiyo maana watu walipigania ngazi, ghorofa, chumba. Ghala la nafaka siku kwa siku. Stesheni ya reli iliyobadilika mikono mara nyingi. Nyumba moja, iitwayo Nyumba ya Pavlov, iliyoshikiliwa siku 58. Kiwanda cha matrekta kikaanguka katikati ya Oktoba. Kiwanda cha chuma na kile cha mizinga vikawa mahandaki. Na katika vyumba vya chini, kati ya majeshi mawili, walikuwamo bado akina mama na watoto ambao hawakuwahi kuvushwa.

Novemba 8 Hitler alihutubia Munich, na hapa mzee wako atapata sehemu yake. Alisema alitaka kufika Volga mahali fulani, kwenye mji fulani ambao, kwa bahati, una jina la Stalin mwenyewe. Lakini watu wasidhani alikwenda kwa ajili ya jina. Alikwenda kwa kuwa hapo panakatwa shehena ya tani milioni 30 za mtoni, milioni 9 kati yake zikiwa mafuta. Akajigamba kwamba mji tayari anao, isipokuwa vipande vidogo tu. Mimi humwamini kwa sehemu ya kwanza: shehena ndiyo iliyomleta. Lakini baada ya kutamka hayo mbele ya taifa zima, kuondoka kungekuwa kufedheheka mbele ya jina lile lile alilosema halimhusu. Njia ilimleta, jina likamzuia kutoka.

Siku kumi na moja baadaye, Novemba 19, Warusi walipiga mbavuni, ambako ulinzi ulikuwa wa Waromania wasio na silaha za kutosha za kupasulia vifaru. Novemba 23 koleo likafunga karibu na Kalach, kule kule kwenye mto Don, mwisho wa ile reli ya 1862. Ndani walikwama Wajerumani na wenzao kati ya 250,000 na 300,000. Göring, mkuu wa jeshi la anga la Hitler, aliahidi kuwalisha kwa ndege. Walihitaji tani 300 kwa siku wapende wasipende. Kwa wastani zilifika kama 100. Walikula farasi wao. Jaribio la Manstein, jenerali wa Kijerumani aliyekuwa nje, la kuwafungulia njia mwezi Desemba lilikwama, kiwanja cha ndege cha Pitomnik kikachukuliwa katikati ya Januari, na Januari 31, 1943, Paulus, kamanda wa jeshi lililozingirwa, akakamatwa katika chumba cha chini cha duka kubwa la mji, siku moja tu tangu apandishwe cheo kuwa feldimashali. Kundi la mwisho, la kaskazini, lilisalimu amri Februari 2. Mateka walikuwa kama 91,000. Waliorudi Ujerumani, wengine mwaka 1955, hawakuzidi 6,000 au hapo karibu. Kwa upande wa Kisovieti, waliokufa katika kampeni nzima ni kama 480,000.

Kabla ya vita mji ulikuwa na watu zaidi ya 400,000. Katika mitaa iliyopiganiwa zaidi, walipohesabu baada ya Februari, raia walikuwa kama 1,500. Palizungumzwa kuyaacha magofu na kujenga mji kwingine. Juni 1943 mama mmoja mfanyakazi wa shule ya chekechea, Aleksandra Cherkasova, alikusanya wanawake wenzake wakaanza kuijenga upya Nyumba ya Pavlov baada ya saa za kazi, bila malipo. Vikundi vya namna hiyo vikaenea mji mzima. Mimi nikiulizwa nani aliyeshinda Stalingrad, huwataja hao mapema kuliko majenerali, na wanafunzi wangu hunicheka.

Kisha, mwaka 1952, mfereji. Ule wa Sokollu, ule wa Peter: ukafunguliwa Julai 27, kilometa 101, takriban Dar es Salaam hadi Chalinze, wenye milango 13 ya kupandishia na kushushia meli. Waliouchimba ni wafungwa wa kambi za kazi na mateka wa Kijerumani pamoja na wafanyakazi wa kawaida, jambo ambalo sherehe za ufunguzi hazikulitaja. Pale Volga unapopokea mfereji palisimamishwa sanamu ya Stalin ya mita 24.

Stalin alikufa 1953. Novemba 1961, Khrushchev, aliyeshika uongozi baada yake, akiwa katika kampeni ya kumshusha, mji ukaitwa Volgograd, yaani mji wa Volga, bila wakazi kuulizwa. Mwaka 1967 kwenye Kilima cha Mamayev ilizinduliwa ile sanamu ya mama mwenye upanga, mita 85 pamoja na upanga wenyewe, juu ya makaburi ya askari zaidi ya 34,000. Mliotazama Kombe la Dunia 2018, Ahmed Musa alipoifungia Nigeria mabao mawili dhidi ya Iceland, uwanja ule uko miguuni pa kilima hicho.

Jina nalo halijatulia. Tangu 2013 baraza la mji liliamua kwamba katika siku chache za kumbukumbu kila mwaka mji uitwe Stalingrad kwenye hafla rasmi. Aprili 2025 Putin akasaini kuupa uwanja wa ndege jina hilo, akisema ni ombi la wapiganaji wa vita vya Ukraine. Kwa wengine Stalingrad ni jina la ushindi na la babu zao waliozikwa kilimani. Kwa wengine ni jina la mtu aliyewapeleka babu zao kambini. Familia nyingi pale zina babu wa aina zote mbili, na ndiyo maana usitegemee waafikiane upesi.

Ukijaliwa kufika, kila mwenyeji atakupeleka kilimani kwanza. Nenda. Lakini siku ya pili panda basi uende kusini hadi wilaya ya Krasnoarmeysky. Utaona kanisa la Wamoravian la Sarepta. Ukisogea mtoni utaona lango la kwanza la mfereji, na jirani yake Lenin wa mita 27 amesimama tangu 1973 juu ya nguzo aliyosimama Stalin; Stalin mwenyewe walimshusha mwaka ule wa 1961. Kaa hapo nusu saa. Meli za mafuta zitapita mbele yako, zikitoka Volga kwenda Don.